Upasuaji wa Leza wa Kurekebisha Uoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu nilipofanyiwa upasuaji wa macho kwa leza jijini Nairobi, na dada yangu akafanyiwa baadaye kwa njia tofauti na yangu, nimekuwa nikiulizwa maswali yaleyale na wafanyakazi wenzangu, ndugu, wazazi wenye vijana wanaovaa miwani mizito, na hata watu nisiowafahamu waliopewa namba yangu na jamaa. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu yake. Yaliyotupata sisi nimeyataja waziwazi kuwa ni yetu. Mengine ni mambo ambayo daktari bingwa yeyote wa macho atakuthibitishia. Ukurasa huu hauchukui nafasi ya vipimo vyako mwenyewe, kwa sababu karibu kila uamuzi katika jambo hili hutegemea vipimo.

## Mambo ya msingi

Leza inafanya nini hasa kwenye jicho?

Wengi hudhani kwamba leza huingia ndani kabisa ya jicho. Ukweli ni kwamba kazi yote hufanyika kwenye konea, yaani lile tabaka angavu la mbele linalofunika mboni. Konea hufanya takriban theluthi mbili za kazi ya kupinda mwanga ili ukutane kwenye retina, nyuma ya jicho. Kwa mtu asiyeona mbali, jicho ni refu kuliko inavyotakiwa au konea imejipinda mno, hivyo mwanga hukutana kabla ya kuifikia retina. Leza huondoa kiasi kidogo sana cha tishu katikati ya konea ili kuupunguza mpindo huo. Kwa asiyeona karibu hufanyika kinyume chake, na kwa mwenye astigmatizimu, yaani konea isiyojipinda sawasawa pande zote, husawazishwa upande uliozidi.

Konea ya kawaida ina unene wa takriban mikromita 540 katikati, ambao ni zaidi kidogo ya nusu milimita, na kila dayopta moja (kizio cha nguvu ya miwani) inayorekebishwa hugharimu kati ya mikromita 12 na 15 hivi. Ndiyo maana mtu mwenye miwani ya dayopta 3 na mwenye miwani ya dayopta 9 hawapewi jibu moja, hata kama wamefika kliniki asubuhi ileile.

Leza inayotumika huitwa ya eksima, na mwanga wake una urefu wa wimbi wa nanomita 193. Huvunja vifungo vya molekuli bila kuunguza tishu za jirani. Sifa hiyo iligunduliwa mwaka 1981 na watafiti watatu wa kampuni ya IBM nchini Marekani, Rangaswamy Srinivasan, James Wynne na Samuel Blum, na miaka miwili baadaye daktari wa macho Stephen Trokel akishirikiana na Srinivasan alionyesha kwamba ingeweza kuchonga konea.

LASIK, PRK na SMILE zinatofautianaje?

Katika LASIK, daktari hukata kifuniko chembamba cha konea chenye unene wa takriban mikromita 100 hadi 120, hukifunua, leza hufanya kazi chini yake, kisha kifuniko hurudishwa mahali pake bila kushonwa. Wagonjwa wengi huona vizuri kesho yake. Aliyeianzisha njia hii ni Ioannis Pallikaris katika kisiwa cha Krete, Ugiriki.

PRK ndiyo iliyotangulia. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha leza kwa kazi hiyo mwaka 1995. Hapa hakuna kifuniko. Ngozi nyembamba ya juu ya konea huondolewa, leza huchonga moja kwa moja, kisha lenzi laini huwekwa kama bandeji mpaka ngozi hiyo iote upya, kwa kawaida ndani ya siku chache. Maumivu ni makubwa zaidi na uoni huchelewa kutulia, lakini konea hubakiziwa unene zaidi, na hakuna kifuniko kinachoweza kusogea mtu akipigwa jichoni.

SMILE hutumia leza ya aina nyingine kuchonga kipande chembamba cha tishu ndani ya konea, ambacho daktari hukivuta nje kupitia mkato wa milimita chache. FDA iliiidhinisha mwaka 2016 kwa wasioona mbali.

Mimi nilifanyiwa PRK kwa sababu konea zangu ni nyembamba kidogo. Dada yangu, ambaye konea zake ni nene, alifanyiwa LASIK. Yeye alirudi kazini mapema mno kuliko mimi, lakini baada ya miezi kadhaa tulikuwa tukisoma mstari uleule wa ubao wa herufi. Kwa hiyo anayeuliza ipi ni bora huwa namwambia aulize ipi inaifaa konea yake.

Je, nitaachana na miwani maisha yangu yote?

Hapana, na yeyote anayekuahidi hivyo anakuficha jambo. Kuanzia miaka 40 na kitu, lenzi iliyo ndani ya jicho hupoteza unyumbufu, na mtu huanza kuusogeza mbali msahafu au simu ili asome. Leza ya konea haizuii hali hiyo. Mimi mwenyewe naendesha gari bila miwani, lakini maandishi madogo kwenye pakiti ya dawa nayasoma kwa miwani ya kusomea, na nililijua hilo kabla ya kulipa.

Baadhi ya madaktari hupendekeza jicho moja lirekebishwe kwa ajili ya mbali na jingine libaki na kiasi kidogo cha kuona karibu. Ubongo wa baadhi ya watu huzoea, wengine hukereka. Ukipendekezewa, omba kwanza kujaribu hali hiyo kwa lenzi za kuvaa machoni kwa muda, kwa sababu lenzi zinavuliwa na leza haivuliki.

## Nani anafaa na nani hafai

Kijana wangu amemaliza kidato cha nne. Afanyiwe?

Mara nyingi jibu ni asubiri. Leza nyingi zimeidhinishwa kwa watu waliotimiza miaka 18 au zaidi, na umri peke yake hautoshi: kipimo cha miwani kinatakiwa kiwe kimetulia, bila kubadilika zaidi ya nusu dayopta ndani ya mwaka mmoja. Kijana ambaye kila likizo anabadilishiwa miwani bado jicho lake linarefuka, na ukimfanyia leo, baada ya miaka michache atahitaji miwani tena. Tunza karatasi zake zote za vipimo, kwani ndizo zitakazoonyesha kama ametulia.

Kwa nini wanamkataa mtu ambaye ana pesa zote mkononi?

Hili ndilo swali ninalolijibu kwa kirefu kuliko yote, kwa sababu watu hulichukulia kukataliwa kama aibu au kama ujanja wa kutafuta pesa zaidi, wakati mara nyingi ndiyo huduma bora kuliko zote zinazotolewa katika jengo lile.

Sababu kubwa ni udhaifu wa konea. Kuna maradhi yaitwayo keratokonasi, ambamo konea hulegea na kuchongoka mbele taratibu. Katika hatua za mwanzo mgonjwa hajui kitu. Huona tu kwamba astigmatizimu yake inaongezeka na miwani mipya haimridhishi. Maradhi haya yanaambatana sana na mzio wa macho na tabia ya kuyafikicha, jambo ambalo katika mazingira yetu ya vumbi wengi tumekua nalo bila kulifikiria. Ukiichonga konea ya namna hiyo, unaufanya udhaifu uliojificha kuwa tatizo kubwa, na uoni unaweza kuharibika kiasi ambacho miwani haisaidii tena. Konea iliyokuwa nzima nayo yaweza kulegea ikipunguzwa kupita kiasi, na ndiyo sababu kanuni ya siku nyingi katika LASIK ni kubakiza angalau mikromita 250 chini ya kifuniko. Madaktari wengi hupenda zaidi ya hapo.

Kipimo kinachofichua mambo haya ni topografia ya konea, ambayo huchora ramani ya mpindo wake kwa rangi: mahali palipojipinda zaidi ni pekundu, palipo bapa ni pa bluu. Mfanyakazi mwenzangu mmoja alikwenda kupima akiwa na hakika ya kufanyiwa, akaonyeshwa doa jekundu chini ya katikati ya jicho la kushoto. Hakufanyiwa leza. Badala yake alipewa matibabu ya kuikaza konea kwa matone ya vitamini B2 na miale ya urujuanimno, na hali yake haijaendelea kuwa mbaya. Kama angekutana na mtu aliyetaka malipo tu, hadithi yake ingekuwa nyingine.

Kwa hiyo unapochagua mahali pa kufanyiwa, usiulize kwanza mashine yao ni ya mwaka gani. Uliza kama wanapima topografia na unene wa konea kwa kila mgonjwa, kama daktari atakayekupasua ndiye atakayekueleza matokeo, na kama wamewahi kuwarudisha watu nyumbani. Daktari mzuri hujibu swali hilo la mwisho bila kusita.

Nina kisukari, au nina mimba, au natumia dawa za kudumu. Inakuwaje?

Mjamzito na anayenyonyesha husubiri, kwa kuwa homoni hubadilisha kipimo cha jicho. Kisukari kisichodhibitiwa, baridi yabisi, upungufu wa kinga na maambukizi ya zamani ya hepesi kwenye jicho huweza kuchelewesha au kuharibu uponaji. Dawa kama steroidi, na isotretinoini inayotumika kwa chunusi sugu, nazo zinahusika. Usifiche chochote kati ya haya ili tu ukubaliwe.

## Maandalizi na gharama

Nijiandae vipi?

Lenzi za kuvaa machoni hubadilisha umbo la konea kwa muda, hivyo laini huachwa takriban wiki mbili kabla ya vipimo na ngumu wiki tatu au zaidi. Wanja, krimu na manukato huachwa angalau siku moja kabla. Kwa wanawake wa pwani ambao wanja ni sehemu ya siku yao, nasisitiza usafishwe vizuri kwenye mizizi ya kope, kwa sababu chembe zake zinaweza kuingia kwenye jeraha. Panga pia mtu wa kukurudisha nyumbani, kwani huruhusiwi kuendesha.

Gharama ni kiasi gani, na bima inalipa?

Bei hutofautiana mno kutoka mji hadi mji na kubadilika haraka, hivyo sitoi takwimu. Lililo muhimu ni kujua bei uliyotajiwa ina nini ndani yake. Ni ya jicho moja au mawili? Vipimo vya awali vimo? Matone ya miezi ya mwanzo je? Marudio ya kliniki? Na ikihitajika kurekebishwa tena, utalipa upya? Omba majibu kwa maandishi. Bima nyingi huliona jambo hili kuwa la hiari na hazilipi, basi usikate shauri kabla ya kupata jibu lao.

Je, afadhali niende India?

Watu wengi wa Afrika Mashariki huenda huko kutibiwa, na wapo waliofanyiwa leza vizuri sana. Ugumu uko kwenye marudio. PRK huhitaji kuangaliwa kwa miezi kadhaa, hasa kwa sababu ya matone ya steroidi yanayoweza kupandisha presha ya jicho. Ukienda mbali, tafuta kwanza daktari wa nyumbani atakayekubali kukufuatilia, na urudi na nakala za vipimo vyote.

## Siku yenyewe

Inauma?

Wakati wa upasuaji, hapana. Hutiwa matone ya ganzi, hakuna sindano, na unakuwa macho. Kope hushikiliwa na kibano kidogo ili zisifumbe. Kilichonishangaza mimi ni harufu: leza ilipoanza kugonga kwa mlio wa haraka, nilisikia harufu kama ya nywele zilizoungua, na hakuna aliyekuwa amenitahadharisha. Muuguzi alinishika mkono na kuhesabu sekunde kwa sauti, na hesabu ile ilinisaidia kuliko maneno yoyote ya kutuliza. Taa niliyotakiwa kuikodolea macho ilififia, ikatawanyika, kisha kazi ikawa imekwisha.

Dada yangu alipata jambo ambalo mimi sikulipata. Katika LASIK jicho hufyonzwa na pete ili kifuniko kikatwe, na kwa muda mfupi mwanga hutoweka. Aliniambia kwamba alijua lingetokea, na bado moyo ulimwenda mbio.

Nikipiga chafya au jicho likicheza?

Mashine hufuatilia mboni na kuihamisha leza jicho linapocheza kidogo. Likitoka mbali, leza hujizima. Ukihisi kikohozi au chafya, sema mapema na daktari atasimamisha kazi.

## Kupona

Siku za mwanzo zikoje?

Kwa LASIK, saa chache za kuwashwa na kutokwa machozi, kisha usingizi, na wengi huamka wakiona.

PRK ni habari nyingine, na napenda watu wajue hivyo kabla. Ganzi ilipokwisha nilihisi kama mchanga umejaa chini ya kope, machozi yalitiririka, na mwanga wa dirishani sikuustahimili. Maumivu yalipanda, yakakaa, kisha yakashuka ngozi ilipokuwa ikifunga. Nilifungiwa mapazia, nikalala, nikatumia dawa za maumivu nilizoandikiwa kwa saa zake. Usitumie matone ya ganzi nyumbani hata ukiyapata duka la dawa, kwa maana huzuia ngozi ya konea kuota. Uoni wangu ulikwenda na kurudi kwa wiki nyingi: asubuhi safi, jioni ukungu. Ni kawaida, ila mwambie daktari. Jikinge na jua kwa miwani myeusi, kwani miale ya urujuanimno inaweza kuchangia konea kuingia ukungu baada ya PRK, na sisi tunaishi chini ya jua kali.

Kwa nini taa za usiku zina mduara?

Miduara, mng'ao na miale kuzunguka taa ni malalamiko yanayojulikana. Katika utafiti wa FDA kuhusu LASIK uitwao PROWL, hadi asilimia 46 ya washiriki ambao hawakuwa na dalili za namna hiyo kabla waliripoti angalau moja baada ya miezi mitatu, huku chini ya asilimia 1 wakisema dalili hizo ziliwapa shida kubwa katika shughuli zao. Takwimu hizo mbili zinafaa kusomwa pamoja. Dada yangu aliacha kuendesha usiku kwa muda, kwa sababu taa kali za malori zilimfanya asione bodaboda isiyo na taa pembeni. Hali ilipungua, haikwisha kabisa. Dereva wa safari za usiku alifikirie hili kwa uzito kuliko mtu wa ofisini.

Na ukavu wa macho?

Leza hukata mishipa midogo ya fahamu inayolijulisha jicho kwamba limekauka. Katika utafiti huohuo, hadi asilimia 30 ya wasiokuwa na ukavu kabla waliuripoti baada ya miezi mitatu. Wengi hupata nafuu kadiri miezi inavyopita, lakini wapo ambao hubaki nao. Machozi ya bandia yasiyo na kihifadhi, kupepesa macho kwa makusudi mbele ya kompyuta, na kukwepa feni inayopuliza usoni vinasaidia. Moshi wa kuni ni adui. Mwenye macho makavu tangu awali atibiwe kwanza.

Vipi kuhusu udhu, kufunga, kuoga na bahari?

Maji ya bomba yasiingie machoni siku za mwanzo, na jicho lisifikichwe kabisa. Kuhusu udhu, muulize shehe wako namna ya kuosha uso panapokuwa na dhara, ruhusa zipo. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi pwani, matone ya machoni hayabatilishi saumu hata ladha yake ikifika kooni, kwa hiyo usikatize dawa kwa sababu ya Ramadhani. Wanja na vipodozi vya macho husubiri takriban wiki mbili. Kuogelea baharini au bwawani husubiri mwezi mmoja hadi miwili, na michezo ya kugongana si chini ya wiki nne, hasa kwa aliyefanyiwa LASIK. Kwenye pikipiki, vaa miwani ya kukinga vumbi.

## Mambo yasiyoulizwa sana lakini yenye uzito

Nikipata mtoto wa jicho uzeeni, nitaweza kupasuliwa?

Ndiyo. Ila konea iliyobadilishwa huvuruga hesabu ya kuchagua lenzi ya bandia, na daktari wa wakati huo atahitaji kujua konea yako ilikuwaje kabla. Omba nakala ya vipimo vya awali na kiasi kilichorekebishwa, uvihifadhi pamoja na vyeti vyako vya shule.

Katika ukoo wetu kuna presha ya macho. Je, leza inaathiri?

Swali hili linastahili kuulizwa zaidi, kwa kuwa glakoma huwapata watu wenye asili ya Afrika mapema na kwa ukali zaidi. Konea iliyopunguzwa unene huifanya mashine ya kawaida isome presha kuwa chini kuliko ilivyo. Mtu anaweza kuambiwa yuko salama huku mshipa wa fahamu wa jicho unaharibika. Kila utakapopimwa, taja kwamba ulifanyiwa leza, na uombe mshipa huo wa fahamu uangaliwe pia. Matone ya steroidi yaliyotajwa kwenye swali la India yanawahusu watu wa kundi hili kwa namna ya pekee.

Kwa kuwa sasa naona mbali, hatari za jicho refu zimekwisha?

Hazijakwisha. Konea imebadilika, lakini jicho limebaki refu na retina imebaki imevutika. Ukiona ghafla mwangaza unaomulika kama radi, madoa meusi mengi yanayoelea, au kivuli kinachoshuka kama pazia, nenda kwa daktari wa macho siku hiyohiyo. Huenda retina inachanika au kubanduka.

Je, leza inaweza kurudiwa?

Wakati mwingine, kama konea imebaki nene vya kutosha na kipimo kimetulia. Hurudiwa baada ya kusubiri miezi kadhaa. Kama konea haitoshi, hairudiwi, na jibu linabaki lile lililoelezwa kwenye swali la kukataliwa.

Nimekataliwa leza. Nina njia gani nyingine?

Kwa baadhi ya wenye konea nyembamba au kipimo kikubwa, ipo lenzi ndogo inayopandikizwa ndani ya jicho, mbele ya lenzi ya asili, bila kuichonga konea, na inaweza kutolewa ikibidi. Huo ni upasuaji wa ndani ya jicho, wenye hatari zake, zikiwemo mtoto wa jicho na presha, hivyo vipimo vyake ni vingine. Mwenye keratokonasi husaidiwa na lenzi ngumu zilizotengenezwa kwa umbo la jicho lake. Na kwa wengi waliokataliwa, miwani iliyopimwa upya na mtaalamu makini, badala ya ile ya haraka dukani, imewapa uoni ambao hawakujua kwamba wangeweza kuupata.